Wimbo Uliotaja Alipolala Gbolahan

Mtaa wa Itoko,
Abeokuta.
17 Julai 2023

Mpendwa Dada Abeke,

Shikamoo dada. Jua kwamba nimelala kifudifudi mbele yako kama inavyonipasa, ingawa uko Dublin na huwezi kukiona kitambi changu. U hali gani? Magoti yamepoa? Na yule mjukuu anayeota meno, bado anawakesheza? Sisi tuna uzima. Mvua zimetuchosha na unga wa muhogo umepanda tena, lakini tunakula.

Barua hii nimempa mtoto wa Mzee Sodipo anayesafiri Alhamisi. Kwa simu nisingeweza, maana simu yako unaiweka sauti ya juu na nyumba nzima inatusikiliza. Tafadhali isome ukiwa peke yako. Ni habari za dada yetu Morenike na mwanawe Juwon, na si njema.

Unakumbuka Gbolahan, kaka yake Juwon, alivyofariki mwaka jana, ugonjwa wa selimundu ulipomshika akitoka kuimba Ijebu-Ode. Wazazi wake walibaki ndani na wazee, kwa kuwa kwetu mzazi haoneshwi kaburi la mwanawe. Tulikwenda sisi vijana: mimi, Juwon, na rafiki wawili wa marehemu. Tulipomaliza tulishika chuma cha sepetu tukaapa kwamba mahali pale hatutapataja. Tangu siku hiyo mtaa uliacha kumwita Morenike Mama Gbolahan. Wakawa wanamwita Mama Juwon, kwa huruma. Aliitika, lakini alichelewa kidogo kila mara.

Arobaini ilipopita, Juwon aliacha chuo cha ufundi. Alichukua daftari la mistari la kaka yake na fulana zake mbili, akaanza kurap katika chumba nyuma ya kinyozi, walikotundika magodoro ukutani kuzuia kelele. Ana miaka kumi na tisa tu. Mara ya kwanza nilimsikia nikiwa nje ya mlango, na sauti ilikuwa ya Gbolahan kabisa, hata pale anapovuta pumzi. Nilikaa chini kwenye kizingiti, dada.

Mwezi wa nne alinisikilizisha wimbo mpya. Nusu yake ilikuwa mistari ya marehemu kutoka kwenye daftari, nusu yake mwenyewe. Na katika nusu yake alisema hivi: Nyuma ya kiwanda cha mbao, kando ya tangi bovu, ndipo tulipomlaza kaka, tukarudi na makovu.

"We una wazimu?" nikamwambia. "Mama yako ana masikio."

"Mjomba, redio ya mama ni ya kwaya tu."

"Na kiapo je?"

"Mlimficha kama mwizi. Daftari niliachiwa mimi. Wewe tengeneza mashine zako, mistari niachie."

Ilinipasa niwaite wazee siku ileile. Sikuwaita. Nilijiambia wimbo wa kijana asiyejulikana hautafika popote, nikarudi kwenye mashine zangu kama alivyoniambia.

Ulifika. Ulipigwa kwa vinyozi, kwa wachaji simu, kwenye pikipiki za abiria, mwishowe redioni. Morenike hakuusikia, kwa sababu asubuhi zake zote ziko kwenye mashine ya kusaga kunde za akara, bajia anazouza, na unajua mashine ile inavyonguruma. Nilikuwa naomba iendelee kunguruma mpaka watu wauchoke wimbo.

Lakini tarehe tano Juni mkanda wa mashine ulianza kukatika, nikaitwa mimi. Morenike alikuwa kwenye foleni na ndoo yake, akanitania kwamba nimenenepa kwa pesa za watu. Nikaizima mashine kwa mkono wangu ili nibadilishe mkanda. Kukawa kimya, na redio ya mwenye mashine ikasikika, na ndani yake alikuwa Juwon.

Nilijua mstari ule unakuja. Niliacha mkanda ukining'inia, nikavuta kamba ya kuwashia. Nikavuta tena. Haikuwaka. Nilikuwa bado navuta Morenike aliposikia kiwanda cha mbao, na tangi bovu. Wanawake wote pale waliinamia ndoo zao. Morenike hakulia. Alibeba kunde zake ambazo hazijasagwa akaenda nyumbani.

Siku ya nne alfajiri aliondoa meza, jiko na karai mbele ya nyumba, akavihamishia kwenye uzio wa kile kiwanda cha mbao. Wazee walikwenda kumwambia hairuhusiwi. Akawajibu bila kuacha kukaanga, "Nauza akara. Wapasua mbao thelathini wako hapa hawajala. Baba zangu, niwafungie za ngapi?"

Shemeji, mumewe, naye sasa anazunguka kwa soko la zamani kila aendapo msikitini, asiione barabara ile. Hamgombezi mkewe, lakini na Juwon hawali sahani moja.

Kuna lingine linaloniuma zaidi. Vijana wanakwenda pale na simu zao, wanapiga picha kando ya tangi, wanaimba mstari ule kwa pamoja. Wakimaliza wananunua akara. Hawajui muuzaji ni nani. Anawafungia kwenye gazeti na kuwaongezea moja. Juwon aliwaona siku moja, akarudi nyumbani. Tangu hapo hajapanda jukwaani, na mialiko anayo. Sasa anambebea mama yake kuni mpaka kwenye uzio, halafu anageuka.

Jumanne iliyopita nilikwenda kula pale. Nilikuwa nimemaliza, nanyanyuka, akaniuliza huku anageuza akara:

"Ajani, mlimlaza kichwa upande gani?"

Dada, nilishika chuma nikaapa. Nilisimama pale na karatasi ya mafuta mkononi. Yeye hakuniangalia hata mara moja. Nikanyoosha mkono upande wa tangi.

Akasema, "Haya." Akainua kigoda chake, akakipeleka upande wa pili wa jiko, akaketi. Sasa anakaanga akiwa ameelekea huko.

Sababu ya barua ni hii. Jumapili wazee watakupigia simu, wewe ukiwa mkubwa wetu, wakutake umwamuru Morenike aondoke pale na Juwon apelekwe kwa baba zake wadogo Ilorin. Neno lako hawezi kulikataa. Nakuomba usiliseme. Mimi ndiye niliyenyamaza mwezi wa nne na mimi ndiye niliyenyoosha mkono, kwa hiyo adhabu wanipe mimi.

Nisalimie Shemeji Tunji, Folawe na watoto wake wote. Mungu akulinde na baridi, na atujalie tusizike tena aliye mdogo kuliko sisi.

Nilimwambia Morenike nakuandikia, nikamuuliza ana neno gani kwako. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwambie akipiga, aniite Mama Gbolahan."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Ajani