Amina Niliyoitikia

Namswea, Mbinga.
11 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Sixbert,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Wifi Glorious na Tobias wanaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa, na haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu.

Nilikueleza kwamba kiwandani tunakochambua kahawa sasa kila mtu anachagua saa zake, mradi amalize aliyopangiwa. Nilichagua kuingia saa saba mchana na kutoka saa moja jioni, ili asubuhi nimwogeshe mama na kumpa dawa. Nilifurahi mno.

Lakini unawajua watu wetu. Mtu mzima akionekana kisimani saa nne asubuhi, basi kafukuzwa kazi. Jumuiya iliposali kwetu, wakaniombea nipate kazi nyingine. Nilitaka kucheka, Sixbert. Kuwaeleza nikaona uvivu, nikaitikia Amina kuwashinda wote.

Bonifasia, jirani aliyekuwa akishinda na mama nikiwa kazini, naye alikuwepo. Akaamini sasa nipo nyumbani kutwa, akaacha kuja. Mimi nikadhani sasa anakuja mchana, nikishaondoka. Mama aliona kila kitu akanyamaza, asije akaniachisha kazi.

Jumanne alitoka peke yake kuanua kahawa, akaanguka uani. Nilirudi jioni nikamkuta bado chini, midomo imekauka. Nyonga imevunjika. Hospitali wamesema kwa umri wake hatasimama tena. Bonifasia akiniona analia. Simlaumu, kosa ni langu.

Sasa hawezi hata kujigeuza. Wiki hii Bonifasia anatushikia, lakini ana mgonjwa wake pia. Nikiacha kazi hatuli, nikienda anabaki peke yake. Msimamizi anataka jibu mwisho wa mwezi, kama ninaendelea au naacha.

Pasaka ulitutambia kwamba kazi yako ya kompyuta unaifanya popote, saa uitakayo. Njoo nayo. Umeme upo, na mtandao unashika vizuri pale kanisani. Asubuhi nitakuwa naye mimi, mchana wewe.

Mama amenikataza kukusumbua. Lakini alikusikia ile Pasaka. Tangu Jumatano, kila nikimuaga, ananiuliza kama ni zamu yako.

Wasalimie wifi na Tobias. Baba mdogo Nazari anakusalimu. Mungu akulinde njiani, maana naomba uwe njiani.

Dada yako akupendaye daima,
Otilia