Swali Nililomuuliza Baba Mkwe

Sarnai rafiki yangu, nimeharibu. Niko jikoni nakuandikia.

Tulikuwa tunapanga safari ya mkoa wa Uvs kwa mama yangu. Unajua hali yake, hana siku nyingi. Baba mkwe ndiye dereva. Akasema tutavuka milima ya Khangai mchana, halafu tushuke tambarare, theluji ikituruhusu.

Mimi nikaropoka: "Baba, tutafika lini?"

Mbele ya watu wote. Nimemuuliza dereva atafika lini, swali la kuita mkosi njiani, na gari hata halijawashwa. Mimi, binti wa dereva wa lori.

Mzee akaweka bakuli la chai chini. "Sasa mwanangu, unatuombea barafu ya mto ipasuke tukivuka?"

Shemeji Dagva akacheka. "Huyu tumwache alinde mbwa."

Mzee hakucheka. Kasema safari haipo mpaka lama, yule mtawa wa Kibudha wa hekaluni, atupe siku nyingine yenye heri.

Siku nyingine, Sarnai. Mama ataingoja kwa nguvu gani?

Nikampigia Mama simu. Nilitaka nimdanganye kwamba theluji imefunga njia. Mama huyuhuyu aliyenichapa utotoni kwa kumuuliza baba yangu swali lile lile.

Kabla sijasema kitu, akaniuliza, kwa sauti ndogo sana: "Mwanangu, mtafika lini?"