Kurudisha Kamio Nyuma pa Bihambwe

Bihambwe, Alhamisi, 1955

Nimefaulu!

Patron, bwana mwenye magari, alisema madereva wazee tujifunze upya, na mwenye atashindwa atanyang'anywa kamio, gari yake ya mizigo. Mwalimu wetu iko Yosefu, mukwe wangu. Mimi njo nilimufundisha kushika volani, usukani wa gari!

Leo akanisimamisha katikati ya mulima, barabara yote matope.

"Papa, rudisha nyuma mpaka chini. Usitoe kichwa inje, angalia kioo."

Miaka yote natoa kichwa. Sasa shingo inakataa kugeuka. Nikakaza macho kwenye kioo, nikashuka polepole, bonde iko pale pembeni.

Chini, Yosefu akavua kofia.

"Papa, njo vile!"

Usiku macho yangu hayaoni vizuri, na hiyo bado inanitia woga. Lakini kesho napeleka maharagi Walikale, na volani iko yangu.