Diski ya Tatu Kutoka Kushoto

Baba Kulwa,

Lile boksi lako la diski nne, chini ya televisheni, liliwasha taa nyekundu wiki ya tatu baada ya kukuzika. Nilikuwa nashona. Niliposikia linalia nikadhani ni simu ya Kulwa.

Unajua nilivyolichukia. Harusi zote ulizopiga video, kuanzia hapa Segese mpaka Nyarugusu, zimelala humo, na mimi nililalamikia kelele zake tu. Ulikuwa ukisema, "Diski moja ikifa, tatu zilizobaki zinashika. Ya pili ikifa, tumekwisha." Sikukusikiliza vizuri. Nisamehe.

Ningeliacha hivyo hivyo. Ila Mama Masanja alikuja kutoka Nyarugusu kuomba video ya harusi yake. Mumewe alifukiwa kwenye shimo la dhahabu mwezi huu, na nyumbani hana picha yake zaidi ya ile ya kadi ya kura.

Nikaifuata diski mpya Kahama. Kompyuta iliandika kwamba mbovu ni namba mbili. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ya pili, nikakumbuka ulivyomkaripia Kulwa: "Usichomoe kitu hujasoma namba yake." Nikazima boksi, nikatoa moja moja, nikalinganisha zile namba ndefu za kiwandani kwenye lebo na za kwenye skrini. Mbovu ilikuwa ya tatu. Kumbe mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Ningechomoa nzima, boksi likiwa linawaka... Nilikaa sakafuni. Hapo ndipo nilipokulilia. Msibani nilihangaika na wageni tu.

Niliweka mpya mahali pake, nikawasha boksi; ikajazwa upya kutoka kwa zile tatu tangu asubuhi mpaka kesho yake mchana. Umeme ulikatika mara mbili, betri ya sola ikabeba. Sikwenda hata sokoni.

Mama Masanja alipomwona mumewe anacheza, hakulia. Alisogeza kiti karibu. "Kumbe alikuwa kijana hivi," akasema. Kisha akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," akaomba turudie.

Alipoondoka nilikutafuta wewe. Harusi zote hizo, na wewe hupo. Ulikuwa nyuma ya kamera. Nimekupata mahali pamoja tu, kwenye kioo cha kabati la bibi harusi mmoja, sekunde chache, umeinama, umefumba jicho moja.

Pumzika, mume wangu. Boksi hili likiungua, diski zote nne zitakwenda pamoja, kwa hiyo nitanakili kila kitu nikiweke kwa dada yako Ushirombo. Nitaanza na hizo sekunde.

Mama Kulwa