Kichupa Kikavu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, miguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza, na si darini kwa mtu ukitafuta bomba linalovuja. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na chumba nilichopanga hakivuji, maana najua hilo ndilo swali lako la kwanza. Shangazi naye nasikia hajambo, ila amekuchongea kwangu. Anasema daktari amekupimia maji ya kunywa, lakini yeye amekuta kikombe cha maji nyuma ya redio, na kingine nyuma ya pazia. Baba, hata kuficha hujui! Mtu aliyeficha mabomba ndani ya kuta za watu miaka arobaini anashindwa kuficha kikombe?

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako ina maajabu. Tukizungumzia majirani nakusikia vizuri kabisa, lakini nikitaja tu mashine ya kusafisha damu, unasema mtandao unakatika. Barua haikatiki. Vaa miwani usome mpaka mwisho, na usiruke katikati kama unavyofanya na maagizo ya dawa.

Shangazi ameniambia ulivyomjibu daktari. Kwamba figo zimechoka, umekubali. Kwamba mshipa waliokutengenezea mkononi ili uunganishwe na mashine umekomaa na uko tayari, umekubali. Lakini aliposema kazi ianze Jumatatu na isicheleweshwe hata wiki moja, ukakunja mikono, ukasema hakuna atakayekuchoma sindano ila binti yako, na kama si yeye basi waache wafe na figo zao, maneno ambayo hata shangazi hakuyaelewa. Nilipoambiwa nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia. Nilijivunia, nisiseme uongo. Hata hivyo jambo hilo haliwezekani, baba. Sababu nitakupa, ila kwanza nikusimulie habari za mtu mmoja.

Hapa kitengoni tuna mkuu wetu sisi mafundi wa mashine. Ni mama wa makamo, mfupi, anatembea upesi utadhani ameacha kitu jikoni. Wagonjwa wamembandika jina la Mama Tena, kwa kuwa ukimwambia umepima, anakuambia pima tena. Ukimwambia umepima mara mbili, anakuuliza ya kwanza ilikuwa na kasoro gani hata ukarudia. Mwanzoni nilimwona msumbufu. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani nikapiga ukuta kwa kiatu kwa hasira.

Sasa namvulia kofia. Kila mgonjwa akifika hupimwa uzito, kwa sababu figo zake hazitoi maji, na kile kilichozidi tangu mara ya mwisho ndicho mashine itakachokitoa. Siku moja bwana mmoja mnene alipanda mzani, mimi nikaandika, yeye Mama Tena akaniomba nimwombe yule bwana atoe vitu mfukoni. Kikatoka kifungu cha funguo, kikatoka kitasa kizima cha mlango alichokuwa akikipeleka kwa fundi, kikatoka na kiredio! Chumba kizima tulicheka, yeye mwenyewe akashika tumbo. Mama Tena hakucheka. Aliniambia kwa upole kwamba bila hivyo tungemtoa bwana huyu maji ya uzito wa kitasa kutoka mwilini mwake, presha ingeshuka, na tungemkuta amezimia kitini.

Halafu kuna mkono. Hachomi sindano kabla hajaweka vidole juu ya mshipa na kusikia unavyotetemeka, kisha anainamisha sikio asikie unavuma. Ukiwa kimya, haendelei, anamwita daktari. Kila mgonjwa lazima ajitaje jina, hata yule mzee anayekuja hapa mwaka wa sita sasa, ambaye Mama Tena alimchangia harusi ya mwanawe. Mzee huyo hukasirika kweli, humuuliza kama amegeuka mtu mwingine tangu juzi. Mama Tena humjibu kwamba yeye hajageuka, lakini chujio la damu lenye jina la mtu mwingine linaweza kuwekwa kwenye mashine yake na mtu mwenye haraka, na wenye haraka tumejaa.

Tena kengele ya mashine ikilia, sisi wengine hukimbilia kitufe cha kuinyamazisha, kwa kuwa makelele yanatia aibu mbele ya wagonjwa. Yeye huiacha ilie. Anaanza na uso wa mgonjwa, anashuka mkononi kwenye sindano, anafuata mrija kwa macho inchi kwa inchi, kama umekunjika, kama sindano imechomoka, kama kuna kipovu cha hewa kinachoelekea kwa mtu. Akishajua kengele inalilia nini, ndipo anainyamazisha. Nimemwona akifanya hivyo mara saba asubuhi moja, na mara ya saba alikuwa na utulivu ule ule wa mara ya kwanza. Mimi baada ya ya tatu huwa nimeshaanza kusonya.

Lakini wewe, baba, ungependa chumba cha maji. Kiko nyuma, kina matangi marefu na mabomba ambayo nikiyatazama nakukumbuka. Mgonjwa mmoja kwa saa nne hupitishiwa maji kama lita mia moja na ishirini ubavuni mwa damu yake, na katikati kuna utando tu. Maji yale yale ya mfereji unayokunywa ukaona raha, yakifika huko bila kusafishwa yanaua. Klorini wanayotia mjini kuua vijidudu, tumboni haina neno, ila ikikutana na damu kwa njia hiyo inapasua chembe zake. Ndiyo maana maji hupitia kwanza kwenye matangi mawili ya mkaa unaoinasa. Na ndiyo maana kila siku, kabla ya mgonjwa wa kwanza, fundi wa zamu anafungulia mtambo, anangoja dakika kumi na tano maji yatembee, anakinga kidogo kwenye kichupa baada ya tangi la kwanza, anatia dawa, anatazama. Yakibaki meupe, kazi ianze. Yakigeuka rangi ya waridi, hakuna kugusa mtu.

Unakumbuka ulivyonikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikiwa na miaka minane, tukitazama mabomba uliyojaza maji kabla mwashi hajaziba ukuta? Saa nzima! Nilikuuliza tunatazama nini, ukasema tunatazama kama hakuna kitu. Nilidhani nilielewa.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza.

Miezi miwili iliyopita, msimu wa mvua kubwa, zamu ya maji ilikuwa yangu. Nilikuwa nimefanya kipimo kile miezi kumi na mmoja na sikuwahi kuona waridi hata siku moja. Asubuhi hiyo nilichelewa. Sina kisingizio, sikuwa mgonjwa, nililala tu. Wagonjwa walikuwa wameshaanza kuingia. Nikafungulia mtambo, nikachukua kitabu cha vipimo, na mbele ya neno klorini nikaandika kwamba hakuna. Nikatia sahihi. Sikungoja, sikukinga, sikupima. Baba, sikupima.

Kiti cha kwanza hukaliwa na mstaafu mmoja tunayemwita Dereva, aliyeendesha malori maisha yake yote. Alikuwa ameshanyoosha mkono, nimeshausafisha, na alikuwa akiwaambia wenzake, kama kawaida yake, kwamba akishikwa na mimi anasinzia bila wasiwasi. Nimeshika sindano, nikamsikia Mama Tena akiita jina langu kutoka chumba cha maji, bila kupaza sauti. Nilipoingia alikuwa amesimama na kile kichupa mkononi. Akakipindua juu ya kiganja chake. Hakikutoka hata tone. Kilikuwa kikavu tangu jana, na mimi, mtoto wa fundi bomba, sikukumbuka hata kukilowesha ili kudanganya.

Akakinga maji mbele yangu, akatia dawa. Yakageuka waridi, baba. Baadaye tukapata habari kwamba kwa sababu ya mafuriko, mjini walikuwa wameongeza klorini, na mkaa wetu wa tangi la kwanza ulikuwa umeshachoka. Tangi la pili lingezuia, au lisingezuia. Sijui, wala hakuna ajuaye.

Nilingoja anitukane, hakunitukana. Alifunga mtambo, akamwarifu daktari, akampigia fundi wa matangi, akawaomba radhi wagonjwa kwamba leo watachelewa. Halafu akaniambia nifute uongo wangu kwa mstari mmoja unaosomeka, niandike ukweli chini yake, kisha niende nikamwambie Dereva kwa kinywa changu. Nilimsihi anisamehe hilo la mwisho. Akasema sindano ilikuwa mkononi mwangu, si mwake.

Nilimwambia Dereva. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Akauliza ningemchoma baada ya dakika ngapi. Nikasema moja, pengine mbili. Akaurudisha mkono taratibu, akauweka mapajani. Hakuna siku niliyotamani ardhi ipasuke kama siku ile. Nilipewa onyo la maandishi, na mwezi mzima nilipewa zamu za maji tu, sikugusa mgonjwa. Nilistahili zaidi ya hapo. Dereva bado anakuja. Ila hakai kitini mpaka nimpelekee kichupa akione, na mimi nampelekea kila asubuhi ajapo.

Hukujua haya kwa sababu nilikuficha. Ulipokuwa ukijisifu kwa majirani kwamba binti yako ni daktari wa damu, nilikaa kimya nikafurahia. Mimi si daktari, ni fundi kama wewe, na siku ile sikuwa hata fundi. Naogopa ukisoma hapa utasema afadhali ubaki nyumbani. Ukibaki nyumbani, baba, utakufa, na nitabaki bila baba. Nimeona majibu yako ya damu, sikutishi.

Kwa hiyo sikiliza. Mkono wako hautashikwa na mimi. Nilimwomba Mama Tena mwenyewe, naye amekubali akuhudumie yeye. Amesema mtoto akitazama miguu ya baba yake iliyovimba haoni namba za mashine. Unasema unataka mtu anayekupenda. Dereva nilikuwa nampenda, baba. Mapenzi hayakujaza kile kichupa.

Jumatatu shangazi akulete saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya wengine. Mama Tena ametoa ruhusa uingie chumba cha maji. Nimekuwekea ndoo, nimeipindua. Zamu ya kupima ni yangu. Tutangoja dakika kumi na tano pamoja, na utaniambia kama mabomba yamefungwa sawasawa, maana kuna kiungo kimoja sikipendi. Ukifika usinikumbatie kwanza. Niombe kichupa.

Nisalimie shangazi, mwambie asiache kuangalia nyuma ya redio. Wasalimie na majirani, na wakikuuliza, waambie ukweli kuhusu mimi, wote. Nakutakia pumzi nyepesi na usingizi wa kutosha mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao ninayekungoja,
Fundi Mdogo