Kutumwa na Kutumikia

Zuhura mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Edmonton. Mguu wa mama yako umeshapoa, na ami yako kahamia Woolwich. Sote tunakuombea huko Glasgow.

Uliniuliza kwenye simu kama kutumwa na kutumikia ni kitu kimoja, maana hapo hospitali unapofanya kazi unajiona mtu wa kutumwa tu.

Ujanani nilifanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa hapa. Tulikuwa na Bi Kusum, Mhindi aliyezaliwa Unguja. Siku zake za mwisho Kiingereza kilimtoka, akabaki na Kiswahili, na wenzangu hawakumfahamu. Asubuhi moja nilimwosha na kumbadilishia shuka, kama nilivyopangiwa. Jioni zamu yangu imekwisha, nimeshavaa koti, nikamsikia akisema, "Nipeni maji." Nikarudi, nikamnywesha kwa kijiko.

Akaniangalia. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa, Mama. Nimekuja mwenyewe."

"Basi kaa."

Nikavua koti, nikakaa naye mpaka akalala. Niliporudi kesho yake, kitanda chake kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Kazi ya asubuhi ilikuwa ya halali, na kwayo nilimlea mama yako. Nilitumwa, nikaifanya vizuri. Lakini jioni ile nilimtumikia, kwa mikono ile ile. Zaidi ya hapo sijui kukueleza, ila kesho yake, ndani ya basi la kurudi nyumbani, nilimlilia mtu niliyemjua kwa taulo na shuka tu, na sikujiona mnyonge.

Jifunike vizuri, baridi ya huko kali.

Bibi yako,
Mwanaidi