Barabara Iliyopitishwa kwa Jina Langu

Tanga, 9 Machi 2024
Mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke nyumbani

Mwanangu Damari,

Marahaba. Huku hatujambo, na asali ya baba yako imefika bila kumwagika.

Unaniandikia kwa furaha kwamba barabara ya kutoka Ihanja hadi kijijini kwetu itachongwa. Madiwani walibishana kutwa nzima, na mmoja akasema, "Kule mbuzi ni wengi kuliko watu, na mbuzi hawapandi gari!" Ndipo diwani wetu akasimama: "Mheshimiwa mwenyekiti, Mwalimu Zefania alifika Ihanja akakosa gari la kuingia ndani. Mama yake akazikwa bila yeye." Fedha zikapitishwa.

Niliposoma hapo niliikunja barua yako haraka, ingawa nilikuwa peke yangu chumbani. Mwanangu, sikufika Ihanja. Sikutoka hata hapa Tanga. Nilikuwa nimezoea kuishi bila ninyi, nikaona haya kusimama kaburini kwa mama kama mgeni.

Sasa mnaniita nije kukata utepe. Akate diwani. Barabara mnaistahili, hata bila uongo wangu. Mimi sitarudi.

Baba yako mkubwa,
Zefania